Wamara: Aliishi Kweli?

Wazee wetu Wanande husema tulitoka Kitara, tukavuka Semuliki. Huko Kitara wanamtaja Wamara, mwana wa Ndahura, mfalme wa mwisho wa Bachwezi. Alikuwa na ng'ombe nyingi. Watu walipoacha kumtii, akaondoka, akapotelea ziwani. Ziwa lile la Uganda ni Wamala mpaka leo.

Ni hadisi ya bure? Bigo, panapoitwa mji wake, palichimbwa mwaka 1957 na 1960, si kwa kutafuta dhahabu kama kwetu. Kumbe kuna mitaro ya kilometa zaidi ya 10, vyungu na mifupa ya ng'ombe, ya miaka 1300 hadi 1500 hivi. Mitaro haijichimbi; kuna aliyekusanya watu. Jina lake tunalo kwa wazee tu. Basi tuwasikilize, tena tupime.