Miko Rwayitare: Aliziacha nyaya, watu wakaongea

MFANYABIASHARA anayetuma fedha kwa simu kutoka Owino, Kampala, kwenda kwa mwenzake Mpondwe, huenda hajawahi kulisikia jina la Miko Rwayitare. Ni vema akalijua.

Rwayitare alizaliwa Rwanda mwaka 1942, akakulia Kongo, kisha akaenda Ujerumani kusomea uhandisi. Sisi tuliosoma uhamishoni tunamwelewa: ukiwa ugenini, elimu ndiyo shamba lako.

Alipofanya kazi Kinshasa, simu za nyaya zilikuwa zimechakaa. Mara nyingi ilikuwa nafuu kumtuma mtu kuliko kungoja laini. Mwaka 1986, yeye na Mmarekani Joseph Gatt wakaanzisha Telecel, mmoja wa mitandao ya kwanza ya simu za mkononi barani Afrika. Hawakuhangaika kufufua nyaya. Katika mtandao wa aina hiyo mji hugawanywa katika maeneo, kila eneo na mnara wake. Msafiri akitoka eneo moja, mnara wa mbele humpokea bila mazungumzo kukatika.

Kasoro ilikuwa bei. Simu moja iligharimu maelfu ya dola, hivyo walioimudu ni vigogo wa serikali na matajiri. Mama muuza vitenge hakuwamo.

Hata hivyo mtandao ulienea hadi Burundi, Zambia na Zimbabwe. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya hisa iliuzwa kwa kampuni ya Orascom ya Misri. Rwayitare alifariki Brussels, Septemba 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipoanza Kenya na simu ikawa pochi ya mnyonge.

Mwaka 2023 mitandao ya 5G ilizinduliwa Kampala. Lengo la wabunifu wake ni kubwa: katika kila jumbe fupi 100,000, zisizopungua 99,999 zifike ndani ya milisekunde 1. Njia mojawapo ni kuupitisha ujumbe uleule kwenye minara miwili, ili mmoja ukishindwa mwingine ufikishe.

Kwa mtu wa mpakani hilo si anasa. Ujumbe wa malipo ukipotea, mzigo haupakiwi na lori linalala. Rwayitare alionyesha kwamba mawimbi hufika pale waya uliposhindwa. Alichotuachia ni swali la bei: mtandao wa kasi umfikie nani, na lini? Wanafunzi wangu wanaotaka uhandisi huwaambia waanzie hapo, waanzie Mpondwe na Katuna.