Béla Guttmann: kocha aliyeponea chupuchupu, akaachiwa jina la laana

Kila Benfica ya Ureno ikipoteza fainali ya Ulaya, jina la mzee mmoja linafufuka: Béla Guttmann. Wengi tunamjua kwa stori ya laana tu. Mimi naona tunamwonea, maana maisha ya jamaa huyu ni makubwa kuliko hiyo laana.

Alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1899, kwenye familia ya Kiyahudi. Wazazi wake walikuwa walimu wa dansi. Akiwa kiungo wa MTK alibeba ubingwa wa Hungaria mara mbili, 1920 na 1921. Chuki dhidi ya Wayahudi ilipopamba moto kwao, akahamia Vienna kuchezea Hakoah, timu ya Wayahudi, wakachukua ubingwa wa Austria 1925.

Kwenye Olimpiki ya Paris 1924 aligombana na viongozi wa timu ya taifa kwa maandalizi mabovu. Misri wakawapiga 3-0! Hakuichezea Hungaria tena. Mwaka 1926 akaenda Marekani kucheza, akachuma hela nzuri, ila ikayeyuka 1929 soko la hisa la New York lilipoporomoka.

Akarudi Ulaya kufundisha. Mwaka 1939 aliipa Újpest ubingwa wa Hungaria. Halafu vita. Mwaka 1944, Wanazi walipoivamia Hungaria, Guttmann alijificha darini, kisha akaishia kambi ya kazi za kulazimishwa. Desemba mwaka huohuo alitoroka kwa kuruka dirishani, pamoja na kocha mwenzake Ernő Erbstein. Baba yake na dada yake hawakupona, waliuawa. Erbstein naye alikufa 1949 kwenye ajali ya ndege ya Torino.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anaambiwa na kiongozi wa klabu awe mpole. Wapi! Alifundisha nchi zaidi ya kumi na hakukaa sana popote. AC Milan walimtimua 1955 timu ikiwa inaongoza ligi. Akaenda Brazil, akaipa São Paulo ubingwa wa jimbo 1957. Akaenda Ureno, Porto bingwa 1959. Kisha akavuka kwa wapinzani wao Benfica, akabeba ligi 1960 na 1961.

Hapo ndipo Afrika inapoingia. Inasimuliwa kwamba alisikia habari za kijana wa Msumbiji akiwa kinyozi Lisbon. Kijana mwenyewe ni Eusébio, kutoka Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo. Benfica walishachukua Klabu Bingwa Ulaya 1961 kwa kuifunga Barcelona 3-2. Mwaka 1962 kule Amsterdam, Real Madrid walikwenda mapumziko wakiongoza 3-2, Puskás kafunga yote matatu. Kipindi cha pili Eusébio akatupia mawili, Benfica wakashinda 5-3. Si mchezo!

Baada ya hapo Guttmann akaomba aongezewe mshiko. Wakamkatalia, akafungasha virago. Stori inasema aliondoka akitamka kwamba Benfica haitabeba kombe la Ulaya kwa miaka 100. Tangu hapo imepoteza fainali nane: 1963, 1965, 1968, 1983, 1988, 1990, 2013 na 2014. Ile ya 1990 ilichezwa Vienna, alikozikwa Guttmann baada ya kufariki 1981. Eusébio alikwenda kaburini kumwombea. Wakafungwa na Milan 1-0.

Mimi laana siiamini. Fainali ya 1965 Inter walicheza kwenye uwanja wao wa San Siro. Mbili, 1988 na 2014, ziliamuliwa kwa penalti. Huo ni mpira tu. Ninachokiona ni klabu iliyokuwa na kocha wa makombe mawili ya Ulaya, ikaona uchungu kumlipa. Benfica wenyewe wamekuja kumwekea sanamu pale uwanjani kwao, kashika makombe yote mawili. Kama heshima ile wangempa 1962, nani angekuwa anazungumzia laana?

Haya wadau, nyie mnasemaje: laana, au ubahili wa viongozi?