Marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi

Marehemu Sheikh Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akasoma Tabora. Wengi wetu tunamjua kwa ushairi, na kwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam. Lakini alikuwa pia Waziri wa Sheria.

Alishika wizara hiyo mwaka 1963, mwaka ule ule ilipotungwa Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu. Mwizi wa ng'ombe, mla rushwa na mvunja nyumba walipewa kifungo kisichopungua miaka miwili na viboko 24: 12 akiingia gerezani, 12 kabla ya kutoka. Hapa Ugogo ng'ombe ndiye akiba ya mfugaji. Akiibwa, ukoo mzima hulia. Hata hivyo, hakimu alibakiwa na nafasi ndogo mno ya kupima hali ya mkosaji.

Sheikh alifariki Bonn, Ujerumani, Oktoba 1964. Viboko vilifutwa mwaka 1972, vikarudishwa 1989. Sheria ya Bodi za Parole ilikuja 1994, na ya Huduma kwa Jamii 2002.

Ndugu zangu, mzani ule tumeurithi: kumlinda aliyeibiwa, na kumrudisha mkosaji kwao akiwa mtu. Mwenyezi Mungu amrehemu.