Marshall Ward: Aliyeumbua kutu ya majani ya kahawa

UKIPITA mitaa ya Temeke au Kinondoni jioni utawasikia wauza kahawa wakigonganisha vikombe, na vijiweni wazee wakibishana mpira huku kashata ziko mkononi. Wengi wao hawajawahi kuuona mbuni, sembuse fangasi anayeishi ndani ya majani yake. Fangasi huyo, ambaye asili yake ni Afrika, ndiye aliyewafilisi wakulima wa Ceylon, leo Sri Lanka. Aliyefichua mbinu zake ni Mwingereza, Harry Marshall Ward.

Ward alizaliwa Hereford mwaka 1854 na kusoma Cambridge. Mwaka 1880 alipelekwa Ceylon kwa miaka miwili. Kisiwa hicho kilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kahawa duniani, lakini tangu 1869 majani yalikuwa yakitoka madoa ya rangi ya chungwa upande wa chini, kisha yanapukutika. Wakulima walimwaga chokaa na salfa. Wapo walioamini kuwa nyuzi zilizoonekana juu ya majani na magome ndizo ugonjwa wenyewe.

Ward alitundika shambani vioo vilivyopakwa kitu cha kunata, akanasa spora zilizoletwa na upepo. Akaweka spora kwenye matone ya maji juu ya majani mazima. Zikaota, zikapenya kwenye vitundu ambavyo jani hupumulia, zikatandaza nyuzi ndani na kunyonya chakula kwenye chembe hai. Doa lilikuja baada ya wiki mbili hivi. Zile nyuzi za nje zilikuwa za fangasi wengine wasio na kosa. Kwa mkulima, hilo lilimaanisha kwamba akisubiri doa ndipo apige dawa, jani hilo ameshalipoteza.

Aliona pia kuwa vilima vizima vya zao moja vilikuwa njia nyeupe kwa spora, akashauri ipandwe miti ya kukinga upepo. Wenye mashamba walitaka dawa, si darasa. Aliondoka 1882 bila kuwapa, nao wakahamia kwenye chai. Kwa maoni yangu walimlaumu bure.

Baadaye alichunguza chachu ya kinywaji cha tangawizi, akakuta ni fangasi na bakteria wanaoishi pamoja. Mwaka 1895 akawa profesa wa botania Cambridge, na alifariki 1906 akiwa na miaka 52.

Leo inajulikana kuwa jani moja la mti huhifadhi fangasi wengi, wengi wao wakikaa kimya bila kudhuru. Yupo hata mweupe anayemla fangasi wa kutu. Huku kwetu, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI), Lyamungu, Kilimanjaro, imetoa aina za kahawa zinazostahimili kutu ya majani na chulebuni, na mkulima anayefufua shamba la zamani ni vema aulizie miche hiyo kabla hajachimba mashimo.