Mus'ab bin Umayr (r.a.), Mgeni wa Yathrib

Mwaka 621, baada ya watu 12 wa Yathrib kumpa Mtume (s.a.w.) bai'a pale Aqaba, alipelekwa kwao Mus'ab bin Umayr (r.a.) awasomeshe Qur-aan. Makka alilelewa kwa nguo nzuri na manukato. Aliposilimu mamake alimfungia ndani, naye akahajiri Habasha. Yathrib hakuwa na ukoo. Alifikia kwa As'ad bin Zurara.

Tunavyoona sisi, ugeni huo ndio uliomfaa. Aus na Khazraj walikuwa wametoka vitani juzi tu, na hapana aliyeridhia kusalishwa na mtu wa upande wa pili. Mus'ab hakuwa wa huku wala kule, basi akawasalisha wote. Usayd bin Hudhayr alipomjia na mkuki akitaka aondoke, hakubishana naye. Alimwomba akae asikilize, na asipopendezwa wao wangeacha. Usayd akakaa, akasilimu. Kisha Sa'd bin Muadh, na jioni ile karibu ukoo wake wote.

Mwaka uliofuata walikuja Aqaba wanaume 73 na wanawake 2.

Mus'ab aliuawa Uhud, mwaka wa 3 Hijria, ameshika bendera. Nguo aliyoiacha haikumtosha kwa sanda: kikifunikwa kichwa, miguu hubaki wazi. Miguuni wakamwekea majani ya idhkhir.