Bwana Smith na Samaki wa Kilindini

Hapa kwetu Bariadi bahari ni habari ya kusikia tu. Samaki tumzoeaye ni dagaa wa ziwani. Baba yangu mdogo ni mvuvi huko Busega, naye aliniambia zamani kwamba dagaa hukaa chini mchana, na usiku hupanda juu kutafuta chakula. Ndiyo sababu huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Sikumjali, maana hakusoma. Maisha ya Bwana Smith ndiyo yaliyonifungua macho.

James Leonard Brierley Smith alizaliwa mwaka 1897 huko Graaff-Reinet, Afrika Kusini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa askari Afrika Mashariki, akapatwa na malaria na maradhi mengine. Kazi yake ilikuwa kufundisha kemia katika chuo cha Grahamstown, lakini saa zake za mapumziko alizitumia kuchunguza samaki.

Mnamo Desemba 1938, Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya mji wa East London, aliona katika rundo la samaki mmoja wa buluu, mwenye mapezi mfano wa miguu. Alimchora akampelekea Smith barua. Barua ilichelewa, na matumbo yalikuwa yamekwisha kutupwa kwa kuoza. Hata hivyo Smith alimtambua: alikuwa silikanti, jamii iliyodhaniwa kutoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Mwaka 1939 alimwita Latimeria, kwa heshima ya bibi yule.

Kwa miaka 14 Smith alitafuta samaki wa pili aliye kamili. Yeye na mkewe, Margaret, walifika mpaka Zanzibar, na matangazo ya zawadi ya pauni 100 yakaenezwa pwani. Mnamo Desemba 1952 mvuvi wa Nzwani, visiwa vya Komoro, aitwaye Ahmadi Abdallah, alimvua mmoja usiku. Smith alikwenda kwa ndege ya jeshi, na alipomwona alitokwa na machozi. Kumbe wavuvi wa Komoro walimjua siku zote, wakimwita gombesa! Smith naye alikosea: kwa kuwa pezi moja la mgongoni halikuwapo, alidhani ni aina nyingine.

Smith alifariki mwaka 1968, bila kupata kumwona silikanti akiogelea kilindini. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke na wenzake walishuka kwa chombo cha kuzamia huko Komoro. Baadaye waligundua kwamba mchana silikanti hupumzika mapangoni, kiasi cha mita 200 chini. Usiku hutoka, akaelea polepole na mkondo kando ya mteremko, na huweza kushuka mita 500 au zaidi akiwinda samaki wengine. Basi dagaa hupanda na silikanti hushuka, lakini wote husubiri giza wakafuate chakula. Hata Tanga wavuvi wamewanasa silikanti tangu 2003, na hifadhi yao ilianzishwa mwaka 2009.

Ndugu wanafunzi, mtaalamu yule mkubwa alipata alichokitafuta kwa mkono wa mvuvi. Likizo ijayo, Mungu akipenda, nitakwenda Busega na daftari langu. Kwanza nitamwomba baba mdogo radhi, kisha nitamwomba anifundishe.