Liebig, Profesa wa Mbolea

Ndugu tuliosoma pamoja, na ninyi vijana mliopo shuleni sasa, mhariri ameniomba habari za mtu wa sayansi. Nimemchagua Justus von Liebig, kwa sababu shamba langu hapa Vwawa lilinikumbusha jina lake kwa hasara.

Alizaliwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1803, mtoto wa muuza rangi na madawa. Shuleni hakung'ara, akaondoka bila kumaliza. Hata hivyo alifika Paris, akasoma kwa Gay-Lussac, na mwaka 1824, akiwa na miaka 21 tu, akawa profesa huko Giessen.

Pale Giessen aliwapa wanafunzi majaribio wayafanye kwa mikono yao wenyewe, badala ya kukaa wakimtazama mwalimu. Kila aliyepita maabara yetu amefaidi desturi hiyo. Mwaka 1831 alibuni chombo cha kioo chenye vitufe vitano cha kunasa hewa ya ukaa. Kupima kaboni kukawa kazi ya kawaida ya mwanafunzi. Kekulé na Hofmann walipita mikononi mwake.

Mwaka 1840 alitoa kitabu juu ya kemia na kilimo. Alieneza kanuni ambayo Carl Sprengel alikwisha kuitangulia: mmea hukua kwa kadiri ya kile chakula kilichopungua kuliko vyote, na kuzidisha vingine ni kazi bure. Nami, kwa kubana fedha, misimu miwili niliacha mbolea ya kupandia, nikamwaga ya kukuzia tele. Mahindi yalidumaa, majani yakawa ya zambarau. Yalikosa fosforasi. Kanuni hiyo niliisoma darasani, nikafaulu mtihani, nikaiacha hukohuko!

Lakini Liebig naye alikosea shambani. Mbolea yake ya mwaka 1845 aliitengeneza isiyeyuke upesi, akihofia mvua kuichukua. Mimea ikashindwa kuila. Tena alishikilia kwamba naitrojeni ya hewani yatosha. Gilbert, mwanafunzi wake mwenyewe, pamoja na Lawes, walionyesha huko Rothamsted, Uingereza, kwamba ngano yahitaji kuongezewa. Ubishi ukaendelea miaka mingi. Lile kosa la kuyeyuka alikuja kulikiri kwa maandishi, jambo ambalo maprofesa wengi huliona gumu.

Alihamia Munich mwaka 1852, akafia huko mwaka 1873. Maabara yake ya Giessen ni makumbusho. Mimi msimu huu nimetia mbolea ya kupandia kila shimo. Mhariri akipita Vwawa, aje ayaone mahindi.